Daftari la Mistari Kumi na Minne

Daftari lenyewe bado ninalo. Ni kaunta buku la kazini, na katikati nimechora jedwali kwa rula kama mtoto wa darasa la tano. Kwa juu safu tano za mashine za gemu: PS4 Slim na PS5 (hizo ndizo PlayStation), Xbox Series S, Xbox Series X, Nintendo Switch. Kushuka chini mistari kumi na minne: umeme, nguvu, 4K, fremu kwa sekunde, ukubwa wa diski, kelele za feni, uzito, mpaka rangi. Ilikuwa Novemba 2023. Nilikuwa nimedunduliza shilingi milioni moja tangu Pasaka, na nilishaapa kwamba safari hii sinunui kwa pupa.

Pupa ilishanitia adabu. Zamani, kabla sijaoa, ndugu yangu mmoja aliniletea mashine ya gemu kutoka Marekani. Nilivyoifungua tu, nikachomeka ukutani. Lile tofali la umeme linalokaa nje ya mashine lilikuwa limeandikwa 100–127V, herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa, na ukuta wangu unatoa 230. Ikalia "taa!" mara moja, ikafuata harufu ya plastiki, basi. Sikucheza hata dakika. Hakuna wa kumlaumu, macho ninayo. Tangu siku ile, kabla ya kuuliza bei nageuza mashine nasoma kibandiko cha nyuma, na nisipoona 100–240V naiweka chini. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa jedwali ulikuwa UMEME, herufi kubwa.

Mistari mingine mingi alinijazia mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa anasoma chuo Dodoma. Yeye ni mtu wa Series X, na akishapenda kitu huwezi kumtoa. "Kaka, ile ina teraflopsi 12," aliniandikia usiku wa manane. "PS5 ina 10.28. Series S ina 4. Hiyo PS4 unayoitaja ina 1.84, hicho ni kikokotoo." Nikamuuliza teraflopsi ni mnyama gani, akanieleza kwamba moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde. Nikaandika kwa wino mwekundu. Kwa wiki nzima nilikuwa naamini nimeshapata jibu, tatizo langu ni hela tu.

Jumapili moja nikakaa na daftari mbele ya televisheni yetu. Ni flati ya inchi 32, tuliinunua mwaka wa harusi. Nikatafuta kile kijitabu chake kwenye droo, nikakuta kioo kina nukta 1366 kwa 768. Picha ya 4K ni 3840 kwa 2160, yaani nukta karibu mara nane ya zile zinazoingia kwenye kioo changu. Ikifika sebuleni inakandamizwa mpaka itoshe, na zile nyingine zote zinapotea. Fremu 120 kwa sekunde ndiyo kabisa, televisheni yenyewe mwisho wake 60. Nikafuta mistari mitatu kwa mpigo. Kumbe wiki nzima nilikuwa nachagua tandiko la farasi na zizini nina punda.

Hapo ndipo nilipokumbuka banda.

Nimekulia Morogoro, Mwembesongo. Mwaka 2005 jirani yetu alikuwa na kibanda cha mabati chenye televisheni mbili za kichogo na PS2 mbili zilizowekwa chipu ili zisome CD za kunakili. Mechi shilingi 100, anayefungwa anatoka. Gemu ilikuwa Winning Eleven ya Konami, maandishi ya Kijapani matupu, lakini hakuna mtoto aliyekosea kitufe cha kuingiza mchezaji wa akiba. Aliyewahi kuchukua Inter alikuwa na Adriano, na Adriano akiachia shuti la mguu wa kushoto, kipa kazi yake ilikuwa kuokota. Kulikuwa na kijana mmoja anavaa memori kadi shingoni kwa kamba ya kiatu, MB 8 zile, kwa sababu ndani yake kulikuwa na timu yake aliyoijenga mwaka mzima. Asipokuwepo yeye banda linapoa. Na siku ambazo sina mia nilikuwa nakaa kwenye benchi mpaka magharibi, nikishauri watu ambao hawajaniomba ushauri.

Jedwali langu halikuwa na mstari wa benchi. Nikaongeza wa kumi na tano: MTAANI WANA NINI? Kisha nikaanza kuuliza. Kinyozi, fundi simu, kijana wa bodaboda anayetuletea gesi, wafanyakazi wenzangu wawili, na kila baba niliyemwona kwenye kibanda cha chipsi. Kwa Kihonda yetu hapa Morogoro, ndani ya siku nne nilihesabu PS4 tisa, PS3 tatu, Xbox moja. PS5 moja, ya mtu ambaye haazimishi hata pampu ya baiskeli. Switch hakuna.

Kwamba PS4 zimejaa namna hii si bahati, na mzizi wake uko Los Angeles. Juni 2013, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, mashine mbili mpya zilikuwa zinatambulishwa. Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba Xbox One itahitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza au kumpa mtu gemu uliyokwishaitumia kutakuwa na masharti. Bei dola 499, na kamera yake ndani ya boksi utake usitake. Sony wakaja na PS4 kwa dola 399, halafu wakatoa video fupi isiyofika hata nusu dakika ya kufundisha jinsi ya kumwazima mwenzako gemu: mmoja anamkabidhi mwenzake boksi la CD, mwenzake anashukuru, video imekwisha. Siku chache baadaye, tarehe 19 mwezi uleule, Microsoft wakafuta masharti yote. Maji yalikuwa yameshamwagika. PS4 iliuzwa zaidi ya milioni 117, na mwaka 2022 Microsoft wenyewe, katika maelezo yao kwa mamlaka ya ushindani ya Brazil, walikiri kwamba mshindani wao aliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox One. Milioni hizo haziozi. Mwenye nazo Uingereza au Dubai akinunua mpya, ya zamani inaingia kwenye kontena pamoja na CD zake, na siku moja unaikuta mtaa wa Aggrey, Kariakoo, juu ya meza.

Nisiwe mwongo, iliyonitesa zaidi ni Series S. Kwenye duka nililoliuliza kwa simu, mpya kabisa ndani ya boksi ilikuwa laki tisa, nikabakiwa na nauli. Ni ndogo, tulivu, inapakia gemu kabla hujaketi vizuri, na pedi za kuchezea za Xbox One zinafanya kazi humo bila maneno. Pedi zake hata zinatumia betri ndogo za rimoti, hizi za dukani kwa Mangi. Shida ni kwamba haina mlango wa CD. Kila gemu unaishusha kwa intaneti, na gemu kubwa za siku hizi GB 50 ni kawaida, nyingine zinavuka 100. Diski yake inaitwa ya GB 512, ila ukitoa nafasi ya mfumo unabaki na 364 hivi. Nikachukua bando langu la mwezi nikaligawa kwa GB 50. Sitataja jibu. Juu ya hapo, wakati ule Tanzania haikuwa kwenye orodha ya nchi za huduma ya Xbox, wala ya PlayStation. Unafungua akaunti ya Afrika Kusini, ya Uingereza au ya Marekani, kisha unanunua kadi za malipo za nchi hiyohiyo, maana kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Inawezekana, watu wanafanya. Rafiki yangu mmoja wa Mikocheni ana faiba isiyo na kikomo nyumbani, analipia Game Pass, usajili wa gemu wa Xbox, ana gemu mamia, na kila tukionana ananicheka. Kwake yuko sahihi kabisa. Mimi nyumbani intaneti ni simu ya mke wangu akiwa hajakasirika.

PS5 niliiondoa kwa sababu ya bei, lakini kuna jambo moja linalowaponza wengi wanaoitamani: inasoma karibu CD zote za PS4, hilo kweli, ila pedi ya PS4 ukiichomeka humo inacheza gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5 yenyewe inakataa. Kwa hiyo anayesema atanunua mashine kwanza, pedi atatumia za zamani, ahesabu upya. Na azingatie kama ni ile yenye mlango wa CD au ile ya dijitali, kwa sababu kwenye picha za matangazo ya mitandaoni wanapiga upande mmoja tu.

Switch niliiangalia kwa haraka, na hilo nitalirudia. Kwenye daftari niliandika mistari minne tu. Inachezwa kwenye televisheni au mkononi. Inakuja na vipedi viwili, unavitenganisha mnacheza wawili. Matoleo ya kuanzia 2019 betri inakaa saa nne na nusu mpaka tisa kutegemea gemu. Gemu zake ni vikadi vidogo, na watengenezaji wamevipaka kitu kichungu mno, denatoniamu, ili mtoto akitia mdomoni ateme. Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko yote. Nikamsomea mke wangu, akauliza kwa nini hawapaki na rimoti. Lakini vikadi vyenyewe mtaani havipo, na bei yake haishuki hata gemu ikiwa na miaka sita. Nikapiga mstari.

Wiki ya pili ya Desemba nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar, nikashukia Mbezi, nikasogea mpaka Kimara, mwendokasi hadi Gerezani. Sijamaliza kuvuka barabara nimeshashikwa mkono. "Kaka mkubwa, unatafuta nini? Simu, laptopu, PS?" Anayejua Kariakoo anajua winga, hana duka, ana mdomo na miguu, na anayajua maduka yote. Sina neno nao, wengine wamenisaidia. Huyu akanipeleka ghorofa ya pili, duka la upana wa mlango.

"Hii ya Dubai, kaka. Safi. Na ina gemu thelathini ndani, bei ileile."

"CD zake ziko wapi?"

"CD za nini tena? Kila kitu kimo humohumo."

Sentensi hiyo nilishaisikia kwa shemeji yangu. Naye aliuziwa mashine yenye gemu nyingi ndani, akafurahi kama wiki sita. Asubuhi moja akaikuta kila picha ya gemu ina alama ya kufuli. Gemu zile zilikuwa za akaunti ya mtu mwingine kabisa, na mwenyewe alipobadilisha nywila, mambo yakaishia hapo. Aliyemuuzia namba yake ilikuwa haipatikani. Nikamwambia winga nataka mashine tupu, iliyofutwa kila kitu mbele yangu, tena nikae nayo saa nzima. Mwenye duka akanitazama kama nimeomba binti yake. Tukashuka.

Duka la tatu ndilo lililokubali, mzee mmoja mpole anayekula karanga. Nilitoa karatasi yangu. Nikaweka CD, nikaitoa, nikaweka, mara tano, kusikiliza kama inasaga. Nikaanzisha mechi, nikaachia pedi nikaiweka mezani; mchezaji akitembea mwenyewe ujue analogi, kile kijiti cha kidole gumba, imekwisha, na ya kwanza ilitembea. Akanipa nyingine, ikatulia. Nikatikisa waya wa HDMI kidogo kuona kama picha inakatika. Nikawasha hotispoti ya simu nikaingia na akaunti yangu mwenyewe, kwa sababu mashine iliyofungiwa na Sony wenyewe kwa makosa ya mmiliki wa zamani haionyeshi dalili yoyote mpaka uiingize mtandaoni. Kisha nikaiacha imewaka, nikamsaidia karanga, nikisikiliza feni. Dakika arobaini feni haikupiga kelele. Kibandiko: 100–240V.

PS4 Slim, GB 500, pedi moja: laki tano na ishirini. Pedi ya pili elfu sitini. CD ya FC 24, ambayo ndiyo ya kwanza tangu jina la FIFA lilipoondolewa, laki moja na ishirini. CD ya Crash Team Racing elfu sitini, kwa ajili ya binti yangu wa miaka tisa, kwa kuwa wanaweza kucheza hadi wanne kwenye kioo kimoja. Kilinda umeme elfu arobaini na tano, na hicho sikukiombea punguzo. Nikampigia mke wangu simu kwa furaha katikati ya watu: "Nimepata na pedi mbili!" Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Baba watoto, umetoka Morogoro kwenda kununua pedi Kariakoo?" Winga alicheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu matumizi, machache. Inapakia gemu polepole, unaweza kwenda kunywa maji ukarudi. Diski ya GB 500 ilijaa mapema. Nikapata ya laptopu ya TB 1, fundi simu akaibadilisha kwa bisibisi moja mbele yangu, kwa sababu kwenye mashine hii mlango wa diski umewekwa ili mwenyewe uufungue. CD inanakili gemu kwenye diski bila intaneti, ila lazima iwemo ndani ndiyo ucheze. Umeme hautishi: kwa kipimo cha kifaa cha jirani ilikuwa inazungukia wati 80 tukicheza mpira, kwa hiyo uniti moja ya Luku unacheza saa kumi na mbili hivi, televisheni kando.

Umeme wenyewe ukiwepo. Nani amesahau mgao wa mwisho wa 2023? Mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipoanza kuzalisha Februari 2024, sisi tulikuwa tunakatiwa nusu siku. Mashine yangu niliyoichagua kwa mistari kumi na tano ilikaa kwenye kabati la televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama sahani za wageni. Nikakumbuka ile Switch niliyoipigia mstari, inayokaa saa tano kwa betri.

Na binti yangu je? Mpira hautaki. Crash aliicheza wiki tatu, akanifunga mpaka nikaanza kuona aibu, kisha akaizoea. Alikuwa anataka magari ya Mario ya kwenye Switch aliyoyaona kwa binamu zake Mwanza, na yale hayapo kwenye PS4, wala hayatakuja. Akaniuliza kwa nini sikununua ile. Nikaanza kumweleza habari za mtaani wana nini, nikajisikia nikijikwaa katikati ya maelezo. Kinyozi, fundi simu, bodaboda, akina baba wa kwenye chipsi. Katika siku zangu nne za utafiti sikumuuliza msichana hata mmoja, wala mama yake. Benchi nililolihesabu lilikuwa lilelile la Mwembesongo, na kule pia wasichana walikuwa wanapita nje tu na ndoo.

Sikuiuza. Hela ya mashine ya pili sina, na Ijumaa jioni kinyozi akija tunacheza mpaka mke wangu anazima taa ya sebule kwa makusudi. Ila nimeanza tena kudunduliza, na safari hii daftari analo yeye binti. Mstari wake wa kwanza ameandika: "isiwe ya mpira."

Jumamosi iliyopita geti likagongwa. Ni mtoto wa nyumba ya nne, dada mdogo wa yule kijana wa gesi, kashika CD ndani ya mfuko wa mkate.

"Shikamoo baba. Kaka amesema mnaweza kukaa na hii mpaka Jumatatu, na yeye mumpe ile ya mpira."

Ilikuwa Rayman Legends. Binti yangu alishatoka mbio bila viatu, akaigeuza boksi nyuma.

"Hii wanacheza wangapi?"

"Wanne."

"Sisi tuna pedi mbili tu."

Yule mtoto akavua begi lake la shule mgongoni, akafungua zipu, akatoa nyingine mbili.